Kahawa Chungu ya Naseeb

Fauzia hakuwa amemaliza hata kufungua begi lake alipogundua kwamba ameibiwa. Alikuwa ametoka Tanga kumzika mama yake. Alikaa huko mpaka arobaini ikasomwa, ndipo akarudi Johannesburg, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili pale Malvern, mtaa wa pili kutoka Jules Street. Akabandika birika, akawasha kompyuta ili aone kazi imefika wapi. Zikalia zile nota za mwanzo, kama mtu anayegonga debe kwa kijiko. Likatokea jina la mchezo kwa herufi kubwa za rangi ya kahawia, KAHAWA CHUNGU. Chini yake, mahali alipozoea kuliona jina lake, palikuwa pameandikwa: Maneno yote ya Kiswahili yametungwa na Naseeb Mwinyi.

Akadhani amesoma vibaya. Akazima, akawasha tena. Naseeb Mwinyi. Jikoni maji yalichemka mpaka yakakauka.

Mchezo huo ulikuwa umemla miaka. Ulitengenezwa Newtown, kwenye ghala la zamani lililogeuzwa ofisi, na kampuni ndogo ya Murielle, mwanamke wa Kikongo aliyeletwa Johannesburg akiwa bado anabebwa mgongoni. Murielle alitaka kitu kinachofanana na michezo ya enzi za kompyuta zenye kisogo kikubwa: picha za vidoto vidoto, rangi chache, muziki wa milio tu, na ugumu usio na huruma. Mchezaji ni jasusi. Ametumwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokimbilia mji mmoja wa pwani, miaka ile ya ukimbizi, amtafute msaliti anayewauza kwa makaburu. Anapekua, anajificha, anaandika maneno kwenye kibodi. Akikosea anakufa, na akifa hakuna kuendelea alipoishia. Anarudi gatini, mwanzo kabisa, hana rafiki wala jina.

Njiani hukutana na Bi Kiza, muuza kahawa, ambaye ndiye mpitisha siri. Bi Kiza humimina kahawa kikombeni, kisha hutoa nusu ya fumbo, na jasusi lazima aandike nusu ya pili. Chini ya skrini mstari mwekundu unapungua. Ukiisha kabla hajajibu, giza, na maandishi meupe: UMEKUFA. KAHAWA IMEPOA. Vipande vya majibu vimetawanywa mjini kote, kwenye barua zilizochanika, kwenye soga za mabaharia, kwenye kanga zilizoanikwa uani. Toleo la majaribio lilikuwa limechezwa Nairobi, Lubumbashi, mpaka Japani, na hakuna hata mmoja aliyeumaliza.

Mafumbo yenyewe yalikuwa ya mama yake. Bi Najma alikuwa mtunzi wa majina ya kanga. Wenye maduka wa Tanga walimfuata barazani kwake wakiwa na biskuti na maneno matamu, akawapa jina, wakalipeleka kiwandani, na msimu huo wa harusi mji mzima ukavaa kauli yake. Fauzia alikuwa na shahada yake ya tafsiri, alikuwa amefasiri filamu na vitabu vya shule, lakini alijua kwamba palipokolea mchezoni ni pale mama yake alipotia mkono. Alikuwa akimpigia simu alasiri baada ya alasiri. Mama, tayari mgonjwa kitandani, alicheka mpaka akakohoa.

"Andika hili, mwanangu. Sukari ni yangu, usinionjeshe chai. Umeandika? Na hili nimpe nani? Kikombe changu kimevunjika, na chako kina ufa."

Ama Naseeb, huyo alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye sauti nzuri na mdomo mtamu, mshereheshaji wa harusi za Watanzania pale mjini. Alipokuwa hana kazi, Fauzia ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa Murielle, akapewa kurekodi sauti za walinzi na mabaharia. Na simu ya msiba ilipoingia, Fauzia alimwachia yeye kazi ya kusahihisha makosa ya mwisho.

"Dada Fau, nenda kamzike mama," Naseeb alimwambia, machozi yanamlengalenga. "Mimi nipo."

Ni kweli, alikuwepo.

Asubuhi ya pili Fauzia alikwenda Newtown. Murielle alimpokea vizuri, akampa pole, akamvutia kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia kwa wazazi, akikitafuta neno kwa neno.

"Lakini Fauzia, Naseeb alinionyesha ujumbe wako. Wewe mwenyewe uliandika umechoka, afanye anavyoona."

Fauzia aliukumbuka ujumbe huo. Aliuandika siku ya mazishi, watu wanasubiri maiti itolewe ndani, na Naseeb anamsumbua kuhusu nukta na mkato. Sina nguvu, fanya unavyoona.

"Nilikuwa nasema habari ya nukta, Murielle."

"Eish. Yeye alisema hata mwanzo alikuwa anakuandikia yeye. Na watu wa redio walitaka mtu wa kuongea. Wewe hukuwepo, yeye alikuwepo. Mimi ningejuaje?" Akatazama simu yake. "Uzinduzi uko karibu sana, Braamfontein, watu wamealikwa. Tutaongea baada, sawa?"

Kwenye korido alikutana na Naseeb mwenyewe, ananukia manukato mapya. Akamkumbatia kabla hajakataa.

"Dada Fau! Pole na msiba, dada yangu."

"Jina langu liko wapi, Naseeb?"

Naseeb akashusha pumzi kama mtu mzima anayemwelewesha mtoto. "Dada, wewe ulikuwa matangani. Mimi nilibaki hapa nikahojiwa, nikautangaza mchezo, nikaurekebisha. Chungu kikiwa motoni kila mtu anasogeza kuni, lakini anayekitenga mezani ndiye mpishi."

"Yale mafumbo ni ya mama yangu."

"Mafumbo ya kanga?" Akacheka, bila hata ubaya, na hapo ndipo alipojiponza. "Mafumbo ya kanga hayana mwenyewe, dada. Yanauzwa sokoni kwa doti."

Fauzia alishuka ngazi, akatoka nje, akasimama kwenye robot, zile taa za kuongozea magari. Taa ikageuka kijani, ikarudi nyekundu, ikageuka tena, na watu wakampita huku na huku. Alikuwa amelia sana Tanga, akadhani machozi yamekwisha. Yaliyokuwa yakimjaa sasa hayakuwa machozi. Kilikuwa kitu kikavu, cha moto, kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama yake ana wiki chache tu udongoni, na kuna mtu anasimama redioni anakula kwa ulimi wa marehemu, kisha anasema ulimi huo hauna mwenyewe. Akaapa pale pale, kwenye kelele za magari, kwamba Naseeb atalijua jina la Bi Najma, na atalijua mbele za watu.

"Mama Fauzia! Ngoja kwanza!"

Alikuwa Emery, fundi wa programu, mtu wa Lubumbashi, mpole, aliyekuwa ameuunda mchezo wote kwa mikono yake. Alikuwa amemfuata mbio.

"Mie minajua," alisema akihema. "Ile kazi haina yake. Njo weye uliandika. Nilinyamaza juu niko na batoto, na ye amekuwa rafiki ya patronne Murielle. Unisamehe."

"Sina neno na wewe, Emery."

"Lakini kuko kitu moya. Pa mwisho kabisa ya mchezo, jina ya mama yako ingali pale. Unakumbuka? Naseeb alibadilisha ya mbele, juu njo ile anaona. Ya nyuma hajaifika. Anakufaka kila siku pa soko." Akatabasamu kidogo. "Hata patronne hajaiona. Niende nimuonyeshe leo?"

Fauzia alikuwa amesahau. Mama alipoanza kuugua, Murielle alikubali kila mmoja wao aweke mwishoni jina la mtu anayemuenzi, na yeye akampa Emery mistari miwili. Sasa akaiona njia yote. Emery angemwita Murielle mbele ya skrini, Murielle angeshika mdomo, Naseeb angeitwa ofisini, mlango ungefungwa. Wangezungumza. Naseeb angesema palitokea kutoelewana. Jina lingerudishwa kimya kimya, naye angebaki na sauti yake, na redio yake, na manukato yake. Haki ingepatikana kabla ya chakula cha mchana.

"Usimwonyeshe," Fauzia akasema.

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu sitaki kurudishiwa tu."

Emery akatikisa kichwa, akarudi ofisini.

Siku chache baadaye Fauzia alirudi kwa Murielle na sahani ya visheti, uso umetulia. Alisema msiba ulikuwa umemvuruga akili, hana ugomvi na mtu, na kwamba amemsikia Naseeb akitamba redioni kuwa mchezo huo anaumaliza amefumba macho.

"Basi afanye hivyo," akasema. "Siku ya uzinduzi, mbele ya watu. Mchezo ulioishinda dunia nzima, mtunzi anakaa kitini anaumaliza. Utapata tangazo gani kubwa kuliko hilo?"

Murielle akapiga kofi moja mezani kwa furaha. Akamwita Naseeb, akamweleza. Fauzia alikuwa akimtazama usoni. Aliona kitu kikipita machoni mwake, haraka, kama mjusi ukutani. Lakini angekataaje?

"Sharp," alisema Naseeb. "Hakuna shida kabisa."

Baada ya hapo Emery akampigia Fauzia simu. Naseeb alikuwa amemjia akijifanya amesahau, akamtaka amkumbushe majibu ya sehemu watakayoonyesha, kuanzia sokoni mpaka mwisho. "Nimwambie nini?"

"Mpe yote. Usimdanganye hata moja."

"Na ya chumba ya mwisho? Pale hakuna jibu, Mama. Weye mwenyewe njo ulisema."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika chumba cha mwisho Bi Kiza si Bi Kiza. Ni msaliti aliyejifunika buibui lake, na dalili ni moja tu: anatoa fumbo kabla ya kumimina kahawa. Ukimjibu, umejitangaza kuwa jasusi, unauawa. Unatakiwa umwache aseme, uutazame mstari mwekundu ukiisha, usiguse kibodi. Wachezaji waliofika huko walikuwa wamefundishwa na mchezo mzima kwamba mstari ukiisha ni kifo, basi waliandika haraka, wakafa. Shauri hilo lilikuwa la Bi Najma. Alikuwa amesema: fumbo la mgomvi ukilijibu umekiri ni lako.

"Mwambie hivyo hivyo," Fauzia akasema. "Kwamba pale hakuna jibu."

Emery alimwambia hivyo hivyo. Naseeb akaelewa kwamba baada ya jibu la mwisho alilokariri hakuna tena maswali. Emery akajitolea wafanye mazoezi, Naseeb akasema ana miadi na fundi wa suti.

Fauzia naye alikuwa na miadi, dukani kwa Chiku. Chiku alikuwa shoga yake, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza vitambaa Jules Street, na katika shehena zake za kutoka nyumbani alikuwa na mtumba mzima wa kanga yenye jina moja alilolitunga Bi Najma. Fauzia alimweleza yote. Chiku alisikiliza mikono kiunoni.

"Unataka sare?"

"Nataka safu ya mbele nzima."

"Mwanangu," akasema Chiku, akishusha mtumba kwa mikono miwili, "kwa hili hata wagonjwa watakuja."

Ukumbi wa Braamfontein ulijaa mchana ule. Walikuwepo wanafunzi wa chuo, waandishi wa mitandao, Wakongo wa Yeoville, Wakenya, watu wa michezo ya zamani waliovaa fulana zenye picha za kompyuta kuukuu. Wanawake wa Malvern waliingia wamejitanda kanga nyekundu na nyeusi, wakakaa safu ya mbele wakiwa wamenyooka kama wageni wa heshima. Fauzia alikaa katikati yao. Hakuwa na wasiwasi. Alishangaa kwamba hana hata huruma.

Murielle alizungumza, akapigiwa makofi. Naseeb akapanda na suti yake ya samawati, kipaza sauti kidogo kimebanwa kolani, akaeleza jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri kutunga mafumbo, jinsi yalivyomjia kama ufunuo. Kisha akakaa mbele ya kompyuta, na picha ikawa kubwa kwenye pazia nyuma yake. Emery alikuwa amekaa pembeni na mitambo yake, ameinamisha kichwa.

Sokoni, Bi Kiza akamimina kahawa. Sukari ni yangu.

Naseeb akaandika: usinionjeshe chai. Ukumbi ukashangilia. Kikombe changu kimevunjika. Na chako kina ufa. Wanafunzi wakapiga miluzi. Naseeb alianza kulegea mabega, akageuka akawakonyeza watu. Akafika msikitini nyuma ya kisima, Bi Kiza akamimina, akasema: Nilikukaribisha barazani.

Naseeb akaandika: ukaulizia ufunguo wa chumbani.

"Eeeeh!" ikajibu safu ya mbele kwa pamoja, na vigelegele vikapasuka. Chiku akasimama, akazunguka taratibu ili mgongo wake uonekane ukumbini na jukwaani, na wanawake wote isipokuwa Fauzia wakafuata. Migongoni mwao, kanga baada ya kanga, yalikuwa yameandikwa maneno hayo hayo. Waliojua Kiswahili wakaanza kunong'ona, na wasiojua wakawauliza waliojua. Naseeb aliyasoma. Macho yake yakatoka kwenye kanga, yakakutana na ya Fauzia, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba pale hapakuwa na tangazo. Lakini mchezo ulikuwa unamsubiri, na watu walikuwa wanatazama, akabonyeza.

Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka. Mwanamke wa buibui amekaa, birika mkononi, kikombe kitupu. Mlango nimeufungua mwenyewe, akasema. Mstari mwekundu ukaanza kupungua.

Naseeb aliduwaa kidogo, kwa kuwa hakutegemea swali jingine. Lakini alikuwa amewahi kulisikia hilo. Akaandika kwa haraka: mwizi simlaumu.

Giza. UMEKUFA. KAHAWA IMEPOA.

Watu wakacheka, kicheko cha kirafiki bado. Naseeb naye akacheka. Emery, kwa mitambo yake, akamrudisha mlangoni badala ya gatini. Fumbo jingine, jibu jingine, sahihi kabisa, na kifo kingine. Mara ya tatu vidole vilimteleza, akaandika upuuzi. UMEKUFA. Kicheko sasa kilikuwa na meno.

"Kaka, si wewe uliyetunga?" mwanafunzi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Programu ina hitilafu," Naseeb akasema, jasho likimtiririka hadi kolani. "Fundi ameharibu kitu."

Emery akainua kichwa. Akavuta kipaza sauti cha mitamboni karibu na mdomo wake. "Haina hitilafu," akasema. "Hakuna kitu nimeharibu."

Murielle alikuwa amesimama kando ya jukwaa, uso umemkauka. Fauzia akainuka, akapanda ngazi. Naseeb akamwinamia, akanong'ona, akisahau kilichobanwa kolani mwake, na ukumbi mzima ukasikia.

"Dada, nakuomba. Usinifanyie hivi."

"Nipishe," akasema Fauzia.

Akakaa. Mwanamke wa buibui akatoa fumbo lake, kikombe kikiwa kitupu. Fauzia akaweka mikono mapajani. Mstari ukapungua hadi nusu. "Andika, mama!" watu wakapiga kelele. "Andika! Unakwisha!" Chiku peke yake alikuwa anacheka. Mstari ukawa ukucha, ukawa nukta, ukatoweka.

Skrini haikuwa nyeusi. Mwanamke wa buibui akaangusha birika, akajifunua, na hapo alikuwa msaliti mwenyewe, ndevu na yote. Mlango wa nyuma ukavunjwa, wapigania uhuru wakaingia. Muziki ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuusikia ukaanza kulia kwa milio yake ya kitoto, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe, watu wakikumbatiana kama timu imefunga goli. Kisha maandishi yakapanda polepole.

Mafumbo ya mchezo huu ni ya Bi Najma binti Ameir, wa Tanga. Aliyeyaandika ni mwanawe, Fauzia.

Shangwe zikapungua zenyewe, kila mtu akisoma kwa mwendo wake. Fauzia akasimama. Alikuwa amepanga maneno mengi, akajikuta anahitaji machache tu.

"Naseeb, mdogo wangu. Uliniambia mafumbo ya kanga hayana mwenyewe. Mwenyewe huyo." Akaonyesha pazia. "Mwamkie."

Naseeb alimtazama Murielle, akatazama mlango. Hakuna aliyemsaidia.

"Mwamkie," Fauzia akarudia. "Ni mkubwa wako."

"Shikamoo," akasema Naseeb kwa sauti iliyokatika, akiwa ameligeukia lile pazia. Na kipaza sauti cha kolani kikampelekea kila aliyekuwepo.

Mpaka jioni video ya tukio hilo ilikuwa imezunguka mitandaoni. Kufikia mwisho wa juma, Jules Street nzima walikuwa wakimwita Kahawa Imepoa. Akipita mbele ya saluni, wasusi wa Kikongo waliacha vichwa vya watu wakamwamkia, "Shikamoo, Papa!" Harusi alizokuwa ameahidiwa zikapata mshereheshaji mwingine. Murielle akamfukuza, sauti zake zikafutwa mchezoni, na baada ya muda ikasikika kwamba amehamia Durban, kwa binamu yake.

Jina la Fauzia lilirudishwa mbele, na la mama yake likawekwa juu yake. Mchezo uliuzika kuliko walivyotarajia, maana watu walitaka kukiona chumba kile kwa macho yao. Lakini Murielle hakumpa mkono siku alipokuja kutia saini.

"Ulijua," Murielle alisema. "Emery ameniambia. Ungekuja tu ofisini ukanionyesha, ningemaliza siku ile ile. Ukaniacha nisimame pale kama mjinga, mbele ya watu wangu."

"Nilikuja ofisini, Murielle."

"Ulikuja mara moja. Nami nilikosea. Lakini wewe hukutaka nisahihishe, ulitaka nianguke naye."

"Wewe sikutaka uanguke," akasema Fauzia. "Ulikuwa umesimama karibu yake mno."

Hawakufanya kazi pamoja tena. Fauzia aliumia, kwa kuwa alimpenda Murielle. Hata hivyo alilala usingizi mzuri, akala vizuri, na alipojiuliza kama angerudia, jibu lilikuja kabla hajamaliza kuuliza.

Kisha, Jumamosi moja, akiwa dukani kwa Chiku anamsaidia kukunja vitambaa, simu yake ikaita kwa namba ya Tanzania. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mzee, iliyochoka.

"Mimi ni mama yake Naseeb."

Fauzia akaweka kitambaa chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikupigii kukulaumu. Mwanangu kakosa, kakukosea wewe na marehemu, nami najua. Ila ile video imefika huku. Nikienda shughulini, vijana wanamlazimisha mjukuu wangu auamkie ukuta shikamoo, kama kwenye video. Watu wanacheka nami nimekaa hapo hapo. Nimeacha kwenda shughulini. Nilitaka ujue tu."

Chiku aliinua macho, akauliza kwa nyusi. Fauzia akampa mgongo. Aliona, kana kwamba ndiyo kwanza anaona, kwamba alipokuwa akimpangia Naseeb hakuwahi kumfikiria kuwa ana mama.

"Nisamehe, mama," akasema. "Wewe sikukukusudia. Nisamehe sana."

"Na yeye je? Anataka kukupigia, anaogopa. Utampokea?"

Fauzia alitafuta ndani yake, kwa haki kabisa, kwa kuwa anayeuliza alikuwa mzazi. Alipapasa kila mahali. Akaukuta ule mwiba bado uko kooni, umepungua ncha kidogo, lakini upo.

"Hapana, mama," akasema. "Yeye bado. Sitakudanganya."

Upande wa pili palikuwa na kelele za jogoo na mtu anayetwanga.

"Haya," akasema yule mama. "Angalau umesema kweli." Akakata simu.

"Nani huyo?" akauliza Chiku.

"Mtu wa Dar." Fauzia akaokota kitambaa, akakikunja vibaya, akakikunjua. "Chiku, zile doti za kijani, za bei ya juu, umebaki nazo? Nipe moja. Kuna mtu anasafiri kesho, nataka nimpe aipeleke."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja. Na nitafutie isiyo na maneno makali."

Chiku alifungua kabati, akaanza kuzitoa moja moja na kuzisoma kwa sauti, na kwa kila aliyoisoma Fauzia akatikisa kichwa.